Wanablogu wasipande minazi kwenye shamba la kukodi

MKULIMA anayekodi ekari mbili kwa msimu mmoja hupanda mahindi, maharage au ufuta. Hapandi mnazi wala mkahawa, kwa sababu anajua kuwa kabla mti haujazaa, mwenye shamba anaweza kulitaka shamba lake. Hekima hiyo haifundishwi darasani, lakini kila mkulima anayo.

Jambo la kushangaza ni kuwa watu wengi waliofungua blogu kwa lengo la kujipatia kipato wameikosa hekima hiyo. Wamepanda mazao ya kudumu kwenye mashamba ya watu, na wenye mashamba walipobadili masharti, wakabaki kulalamika.

Malalamiko yao yana msingi. Kwa mwenye blogu, maoni ya wasomaji si mapambo ya chini ya ukurasa, bali ni mtaji. Chukulia mfano wa blogu inayofundisha ufugaji wa kuku wa kienyeji. Mwandishi anaeleza chanjo ya kideri, lakini anasahau kusema kuwa inapaswa kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Msomaji mmoja mwenye uzoefu anaongeza hapo chini kuwa asiyerudia chanjo atapoteza banda zima. Mwingine anauliza vifaranga vinapatikana wapi, na wa tatu anajibu.

Katika mazungumzo hayo mna marekebisho ya makosa, mna taarifa za soko na mna orodha ya wateja watarajiwa. Siku maoni yakifutwa, makala yenye upungufu inabaki pale pale, lakini sauti iliyoirekebisha imepotea. Mfugaji atakayeisoma mwaka unaofuata hatajua kuwa kuna jambo limekosekana.

Hayo yamewahi kutokea, na si mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanablogu wengi duniani walipokea maoni kupitia huduma ya nje iliyoitwa Haloscan, ambayo wengi waliitumia bila malipo. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, kampuni iliyokuwa imeinunua iliwataka watumiaji wahamie kwenye huduma mpya ya Echo na kulipa ada ya mwaka, la sivyo wachukue nakala ya maoni yao na kuondoka. Waliokubali kulipa nao hawakukaa sana, kwani mwaka 2012 Echo nayo ilifungwa.

Kisa cha pili kinagusa zaidi, kwa kuwa blogu nyingi za Kiswahili zilijengwa kwenye huduma ya Blogger, ambayo Google iliinunua mwaka 2003. Ndesanjo Macha na blogu yake ya Jikomboe walikuwa miongoni mwa waliofungua njia, na blogu ya mpiga picha Issa Michuzi, iliyoanza mwaka 2005, ikawa baraza la Watanzania wa ndani na wa ughaibuni. Msomaji alikuwa na nafasi ya kuchangia bila kutaja jina, na wengi waliitumia.

Aprili 2013, Google ilianzisha mfumo wa kuunganisha maoni ya Blogger na mtandao wake wa kijamii wa Google+. Mwenye blogu hakulazimishwa kuingia, lakini aliyeingia aliwafungia nje wasomaji wote wasiokuwa na akaunti ya Google+. Yule mfugaji aliyezoea kuchangia kimya kimya kutoka kwenye duka la intaneti alikuta mlango una kitasa kipya, na ufunguo wake unatolewa ofisi nyingine.

Kisha ofisi yenyewe ikafungwa. Oktoba 2018, Google ilitangaza kuwa itaifunga Google+ kwa watumiaji wa kawaida kufikia Agosti 2019, baada ya kugundulika kasoro ya usalama iliyohusu akaunti zinazofikia 500,000. Desemba mwaka huo huo ikagundulika kasoro nyingine iliyogusa watumiaji milioni 52.5, na tarehe ikarudishwa nyuma hadi Aprili. Mfumo wa maoni hayo kwenye Blogger uliondolewa Februari 4, 2019, na kuanzia Aprili 2 maoni yaliyokuwa yamekusanywa yakaanza kufutwa. Mazungumzo ya karibu miaka sita yakaenda na maji.

Ni haki kusema pia kuwa si kila kizuizi ni uonevu. Februari 2019, YouTube ilizima sehemu ya maoni kwenye video nyingi zinazoonyesha watoto, baada ya kubainika kuwa watu wenye nia mbaya walikuwa wakiitumia. Hakuna mzazi atakayelaumu hatua hiyo. Aidha, kila aliyewahi kuendesha blogu anajua matusi, uzushi na matangazo ya kitapeli yanayoingia usiku wakati mwenyewe amelala. Mlango wa maoni unahitaji mlinzi.

Tatizo ni nani anayemwajiri mlinzi huyo. Nchini Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, ambazo nafasi yake ilichukuliwa na nyingine mwaka 2020, zilimtaka mwenye blogu awe na leseni ya kulipia na awajibike kwa anachochapisha, ikiwa ni pamoja na kuwa na njia ya kuchuja yaliyokatazwa. Yaani mbele ya sheria anayejibu ni mwenye blogu, wakati kitasa cha mlango kiko mikononi mwa kampuni iliyo ng'ambo, ambayo haimjui na haina sababu ya kumuuliza kabla ya kukibadilisha.

Hapo ndipo penye somo la biashara. Huduma ya bure haina kodi, lakini pia haimpi mpangaji nguvu ya kudai. Masharti yanayokubaliwa kwa kubonyeza kitufe mara moja huwa yanampa mwenye huduma haki ya kuyabadili, na mara nyingi hata haki ya kuifunga. Kulalamika baada ya hapo ni sawa na mkulima kudai fidia ya minazi aliyoipanda bila ruhusa.

Kwa hiyo wanaotegemea blogu kwa kipato hawana budi kuanza na mambo machache yasiyohitaji mtaji mkubwa. La kwanza ni kununua anwani yao wenyewe, ili hata wakihama huduma wasomaji waweze kuwafuata. La pili ni kupakua nakala ya makala na maoni mara kwa mara. Blogger yenyewe inaruhusu jambo hilo kwa maoni yaliyoandikwa kwenye mfumo wake, lakini ni wachache wanaokumbuka kulifanya kabla ya siku ya msiba. La tatu ni kuomba, kwa ridhaa ya wasomaji, namba za simu au barua pepe za wale wanaochangia mara nyingi, kwa kuwa hao ndio wateja.

La nne ni muhimu kuliko yote, nalo halihitaji fedha hata kidogo. Msomaji akirekebisha kosa, mwandishi aingize rekebisho hilo ndani ya makala yenyewe na kumshukuru aliyelitoa. Ushauri kuhusu chanjo usiachwe ukining'inia kwenye sehemu ambayo mtu mwingine anaweza kuifuta kesho asubuhi.

Kampuni zinazotoa huduma hizi nazo zina wajibu. Zinapotaka kubadili masharti, zitoe taarifa mapema kwa lugha inayoeleweka, na zimruhusu mwenye blogu kuondoka na mazao yake yote, yakiwemo maoni. Mwenye shamba muungwana humwacha mpangaji avune kwanza.

Lakini si busara kupanga maisha kwa kutegemea uungwana wa mwenye shamba. Mkulima wa ekari mbili analijua hilo, ndiyo maana mnazi wake ameupanda nyumbani kwake.