Mambo ya Nyumbani: Juma Moja la Kula Pamoja



Baadhi yenu mmetuomba tuandike habari za nyumba ya Mkristo jinsi ilivyo siku zote, wala si siku za sikukuu tu. Ombi hilo ni jema, ila limetuuma kidogo, maana aandikaye habari za nyumba huulizwa kwanza habari za nyumba yake. Basi, twawaelezeni juma moja la nyumbani mwetu, toka Jumatatu hata Jumapili, pamoja na vyakula tulivyokula, kitabu tulichosoma, na sinema tuliyoitazama. Msitazamie sifa. Yamo ya kutuaibisha, nasi tumeyaacha yalivyo, ili mwenye nyumba kama yetu apate kujitazama.

JUMATATU. Jioni tuliporudi kutoka mafundisho ya wakatekumeni, tulimkuta mama watoto amesimama mlangoni, na kijana wetu wa pili, mwenye umri wa miaka 11, ameketi karibu na mafiga, hasemi neno. Alikuwa ametumwa dukani kununua sukari nusu kilo. Akaleta robo, akasema bei imepanda. Kumbe bei haikupanda. Fedha iliyosalia aliitoa kuwa kiingilio katika kibanda cha video, kile ambacho watu hukiita kibanda umiza, akakaa humo hata jua likachwa.

Tuliinuka kutafuta fimbo. Mama watoto akasema kwa upole, “Mwalimu, makosa anayo, wala simtetei. Lakini nijibu neno moja kwanza. Mtoto huyu ulimsimulia hadithi lini mara ya mwisho?”

Tukanyamaza. Imetupasa kuwaambieni desturi yetu. Chakula chetu huletwa sebuleni, nasi hula peke yetu, au pamoja na mgeni akiwapo. Watoto hula jikoni na mama yao, wakizunguka sinia moja. Nasi tukiisha kunawa, hushika daftari la mafundisho ya kesho, na watoto huambiwa wanyamaze, Baba ana kazi. Ndivyo tulivyoishi miaka mingi, tukidhani ni heshima. Usiku ule ugali na kisamvu vilitushinda kumeza.

Hukumu ikawa hivi: kijana atateka maji ya nyumba nzima kwa siku saba, kulipa sukari ya watu. Nasi pia tukajihukumu: siku hizo saba tutakula mkekani pamoja na watoto, na kila baada ya chakula kitasomwa kitabu.

JUMANNE. Tulikula makande. Binti yetu mkubwa aliketi kama mtu aliye katika mtihani, na yule mdogo akamnong’oneza mama yake, “Baba anaumwa?” Hatukucheka, maana swali lile lilikuwa la haki.

Tulipokwisha kula tulitwaa rafuni kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, alichokitunga James Mbotela, kilichopigwa chapa mwaka 1934. Chaeleza jinsi watu walivyokamatwa huko bara, wakafungwa, wakapelekwa pwani kwa miguu, na jinsi wengine walivyookolewa baharini na manowari za Waingereza, wakawekwa Freretown karibu na Mombasa. Mwandishi mwenyewe alikuwa mtoto wa watu hao. Tulisoma kurasa tatu. Kijana wetu hakupepesa macho, na kesho yake alfajiri, akiwa na ndoo kichwani, tulimsikia akimsimulia jirani yake mambo yote kwa mpango, hata sauti za watekaji akaziigiza.

JUMATANO. Mihogo ya nazi. Tukampa kijana kitabu asome kwa zamu yake. Alikishika vizuri, akatazama ukurasa, akatoa sentensi nzima bila kusita. Lakini sentensi ile ilikuwa ya jana. Aliishika kwa masikio. Tukaweka kidole mstari wa pili, tukasema, “Hapa.” Akanyamaza. Jasho likamtoka puani. Akajaribu neno la kwanza, akalikisia. Akajaribu la pili, akalikisia pia. Dada yake akacheka, nasi tukamkemea.

Wasomaji, mtoto huyu yu darasa la tano. Na sisi tuandikao haya tumefundisha kusoma wakina mama wenye wajukuu, hata leo wanasoma Injili kwa macho yao wenyewe, na watu hutushukuru njiani. Wazee walisema kweli kwamba kinyozi hajinyoi. Usiku ule hatukupata usingizi. Mama watoto naye alikuwa macho, akasema gizani, “Ndiyo maana anakipenda kile kibanda. Kule picha inakwenda na sauti inamweleza yote. Hakuna anayemwambia asome.”

ALHAMISI. Tulikwenda shuleni kuonana na mwalimu wake. Ni mtu mwema, na darasa lake ni kubwa mno. Alitwambia kwamba kijana wetu huandika hati nzuri akinakili ubaoni, na darasa likisoma kwa pamoja sauti yake husikika. Ndiyo sababu hakumtambua upesi. Hatukumlaumu. Yeye ana watoto wengi, nasi tunao watatu, wala hatukutambua. Tulirudi tukayajaribu macho ya kijana kwa kalenda ya ukutani. Akataja tarakimu zote tokea upande wa pili wa chumba. Basi kosa halikuwa la macho.

Jioni, baada ya ugali na dagaa, tulianza upya kwa njia tunayoitumia kwa watu wazima. Kwanza sisi twasoma sentensi moja polepole, na kijana afuata kwa unyasi chini ya kila neno. Kisha twasoma naye pamoja. Kisha asoma peke yake. Neno likimshinda, twalikata silabi kwa silabi: wa-li-po-ka-ma-twa, halafu twaliunga tena. Mwisho afunga kitabu na kutusimulia yaliyomo. Hapo kwenye kusimulia, uso wake ulichangamka, maana hapo ndipo anapotushinda sote. Tulisoma mistari minne tu, robo saa, tukaacha kabla hajachoka.

IJUMAA. Viazi vitamu na chai, na sukari ikapimwa kijiko kimoja kimoja, kila mtu akijua sababu. Tulimweleza kijana habari za wale watu wa Freretown. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mji ule ukaanzishwa mwaka 1875. Waliofika hapo walikuwa wametolewa makwao kwa nguvu, wenye lugha mbalimbali, watoto na watu wazima. Iliwapasa kujifunza Kiswahili, na kazi, na herufi. Kabla yao walikuwako wengine waliookolewa wakafundishwa Bara Hindi, kisha wakarudi Afrika kusaidia. Wawili miongoni mwao, William Jones na Ishmael Semler, walipewa ushemasi mwaka 1885.

Kijana akauliza, “Baba, nao walichekwa walipokuwa wakijifunza?”

Tukamjibu, “Mwanangu, ajifunzaye mbele ya watu hakosi mmoja wa kumcheka. Asiyechekwa ni yule asiyeanza.”

Dada yake akainama. Hakusema neno, lakini akaondoka mahali pake, akaja kuketi karibu na ndugu yake, akamshikia taa.

JUMAMOSI. Hii ndiyo siku ya sinema. Wako Wakristo wadhanio kwamba sinema ni kazi ya Shetani tangu asili yake. Sivyo. Toka mwaka 1935 hata 1937, Baraza la Kimataifa la Misheni lilisimamia kazi ya kutengeneza sinema huku kwetu Usambara, mahali paitwapo Vugiri. Zilitengenezwa filamu 35, zikapelekwa vijijini kwa gari lililobeba mitambo, katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Zilifundisha kilimo, afya, na kuweka akiba. Picha zenyewe zilikuwa kimya. Sauti ilitoka katika sahani za santuri, ili watu wa kila nchi wasikie lugha waijuayo. Basi kumtafsiria mtu picha kwa sauti si jambo geni katika nchi hii. La kuuliza ni hili: ni nani achaguaye picha, na ni nani aketiye karibu na mtoto?

Tukaona si haki kukihukumu kibanda tusichokiingia. Tulimwambia kijana atuongoze, tukalipa viingilio viwili. Ndani mlikuwa na turubai, mabenchi, joto jingi, na watoto wengi kuliko watu wazima. Filamu ya kwanza ilikuwa ya mtu atafutaye ndugu yake aliyepotea. Mapigano yalizidi kiasi, lakini hadithi ilikuwa na moyo, na mfasiri alisema Kiswahili cha kuchekesha; twakiri kwamba tulicheka. Filamu ya pili haikumaliza dakika kumi tukaona mambo yasiyofaa macho ya mtoto. Tukamshika kijana mkono, tukatoka.

Nje tulizungumza na mwenye kibanda kwa adabu, tukamwomba asionyeshe picha za namna ile mchana. Akatusikiliza, kisha akasema, “Mwalimu, shikamoo yako nimeiheshimu siku zote. Nitajitahidi. Lakini watoto hawa wakija na fedha yao, mimi nitamwuliza nani wazazi wako wapi?” Hatukuwa na jibu. Tulirudi nyumbani tukila karanga njiani, na kijana akatusimulia filamu ile ya kwanza toka mwanzo, kana kwamba hatukuwamo. Tulimwacha aseme. Tulikuwa na deni la miaka ya kumsikiliza.

JUMAPILI. Baada ya ibada alitujia mgeni, mzee wa kanisa, na mama watoto akapika wali na kuku. Hapo tukajaribiwa. Desturi ilitaka meza ya sebuleni, mgeni na sisi, na watoto jikoni. Tena, kusema kweli, tuliogopa mzee asijue kwamba mtoto wa katekista hajui kusoma. Tulisita mlangoni kitambo. Kisha tukasema, “Mzee, juma hili tumeweka nadhiri ya kula na watoto. Utaturuhusu tukukaribishe mkekani?” Mzee akatutazama, akavua viatu, akaketi.

Baada ya kunawa kitabu kikaletwa. Tulimwambia kijana kwa siri kwamba leo si lazima. Akakitwaa mwenyewe. Alisoma mistari saba, akakwama mara nne, na mara ya tatu akanyamaza kwa muda mrefu hata tukataka kumsaidia; mama watoto akatushika mkono. Akaliunga neno, akaendelea. Mzee hakusifu kupita kiasi. Alisema tu, “Mimi nilijua kusoma nikiwa na mke na watoto wawili. Endelea, mjukuu wangu.” Kisha akatupa ngano ya Sungura, tukaketi hata taa ikapungua mafuta.

Ndugu walimu na wazazi, hatusemi kwamba kazi imekwisha. Mistari saba si kitabu, na juma moja halilipi miaka. Ila mambo matatu tumeyashika. La kwanza, msikilize mtoto wako mwenyewe akisoma, peke yake, maneno asiyopata kuyasikia, kabla hujaamini kwamba anajua. La pili, usimruhusu mtu kumcheka. La tatu, Kumbukumbu la Torati mlango wa 6 latuagiza kunena na watoto wetu tuketipo nyumbani na twendapo njiani. Nasi tumekuwa tukilifundisha fungu hilo kanisani, kisha twaenda kula peke yetu.

Usiku wa Jumapili siku zetu saba zilikwisha, na adhabu ya maji nayo ikawa karibu kwisha. Tulipokuwa tukikunja mkeka, kijana aliuliza, “Baba, na kesho mkeka utatandikwa?”

Umetandikwa hata leo.

Basi, tuishie hapa kwa mwezi huu. Bwana azibariki nyumba zenu na vyakula vyenu, na watoto waketio karibu navyo.