Ukuta Kati ya Msanii na Mhandisi

Tangu mwaka 2026, msomaji, kila mwanafunzi wa Kenya aingiaye Darasa la Kumi huchagua njia moja kati ya tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Sina ugomvi na uchaguzi, maana hakuna abebaye mizigo yote kwa kichwa kimoja. Ugomvi wangu ni na desturi ya zamani iliyojificha ndani ya njia hizo: desturi ya kumwambia kijana apendaye kuchora kwamba umeme haumhusu, na kumwambia ajuaye umeme kwamba ngoma na maigizo ni starehe za wasio na kazi. Maneno hayo nimeyasikia katika vyumba vya walimu, tena vinywani mwa watu wema.

Tazama jambo lililotendeka New York mwezi wa Oktoba 1966. Katika jumba kubwa la mazoezi ya askari, wasanii 10 na wahandisi wapatao 30, wengi wao kutoka maabara ya simu ya Bell, walionyesha michezo kwa muda wa usiku tisa. Waliowakutanisha ni mhandisi Billy Klüver na mchoraji Robert Rauschenberg. Katika mchezo wa Rauschenberg watu wawili walicheza tenisi. Ndani ya mpini wa kila raketi mlitiwa chombo kidogo cha redio, hata kila pigo la mpira likavuma ukumbini mfano wa kengele, na kwa kila pigo taa moja ikazimika. Giza lilipotanda kabisa, watu wapatao 500 waliingia uwanjani. Jicho halikuwaona, walionekana kwenye viwambo tu, kwa kamera zipokeazo miale ambayo jicho la mwanadamu haliipokei.

Niambie, ni nani aliyeutunga mchezo ule? Mhandisi peke yake asingewaza kuificha redio katika raketi, kwa kuwa hakuna kampuni ambayo ingemtuma kazi hiyo. Mchoraji peke yake angebaki na ndoto tu. Ni kweli kwamba baadhi ya vyombo vilikwama, watazamaji wakangojeshwa, na magazeti mengi yakakebehi. Wapinzani wangu hukipenda sana kipande hiki cha habari! Lakini hawaongezi kwamba watu zaidi ya 10,000 walihudhuria, wala kwamba baada ya aibu ile wasanii na wahandisi hao hawakutawanyika, bali waliunda shirika la kuwaunganisha wenzao.

Hapo nitaambiwa kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri. Hoja hii ni dhaifu, na jibu lake liko karibu na Nairobi. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi wa viwandani walijenga ukumbi wa wazi wa kuigizia mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Vijana walianza kwa kupanga njiti za kiberiti juu ya ardhi, kisha wakaunda mfano mdogo, na kutoka mfano huo likainuka jengo la kukalisha watu zaidi ya 2,000. Kupima, kukadiria na kujaribu kwa mfano kabla ya kujenga ni uhandisi, hata kama mwenye kuufanya hana cheti. Serikali iliuvunja ukumbi huo mwaka 1982. Haikuuvunja kwa sababu ulikuwa mchezo wa watoto.

Mwaka huohuo kundi la Kamĩrĩĩthũ lilifungiwa mlango wa Kenya National Theatre, likaendelea na mazoezi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Safari hiyo ni ya dakika chache kwa miguu. Kadiri ninavyojua jiji hili, umbali baina ya jukwaa na madarasa ya uhandisi ni mfupi mno. Kinachokosekana ni mtu wa kuuvuka. Huko Westlands, Santuri imewafunza vijana muziki wa kielektroniki, na huo ni mwanzo mzuri, lakini haifai kazi hii iachiwe taasisi moja. Ukitoka Lavington ukashuka Kawangware utawakuta kando ya barabara wachomeleaji wa vyuma na mafundi wa redio na simu. Ni tamthilia ngapi za shule zilizowahi kuwaita mafundi hao, wakalipwa, na majina yao yakaandikwa kando ya jina la mtunzi?

Wewe uliyechagua sanaa, nenda umuulize mwenzako wa fizikia jinsi ya kuifanya sauti izunguke chumba. Nawe wa fizikia, usingoje kuitwa taa inapoungua siku ya tamasha. Kaa katika mazoezi tangu siku ya kwanza, ubishane juu ya mchezo wenyewe. Na kwa walimu wakuu nina ombi moja: ufunguo wa maabara ukabidhiwe wachezaji kila Ijumaa jioni, pamoja na mwalimu wa sayansi wa kukaa nao.