Uandishi wa kitaaluma si somo la Kiingereza

Kila mwaka mpya wa masomo, vijana waliokulia Dongobesh, Haydom, Katesh na Basotu, katika wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara, huingia kumbi za mihadhara za Dodoma, Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Pamoja na wenzao wa mikoa mingine, husajiliwa katika somo la stadi za mawasiliano, ambalo vyuo vyetu vingi huliweka mwaka wa kwanza. Hufundishwa nyakati za vitenzi vya Kiingereza, namna ya kupanga aya, mpangilio wa marejeleo na onyo kali dhidi ya wizi wa kitaaluma. Nia ya somo hilo ni njema na wahadhiri wake hufanya kazi ngumu. Hata hivyo, naamini tumelijenga juu ya msingi usiofaa. Tumefunga katika furushi moja ujuzi wa Kiingereza na ujuzi wa kuthibitisha unachokisema, kisha tumetumia karibu nguvu zote kwenye ule wa kwanza. Kiini cha uandishi wa kitaaluma ni huu wa pili, na unapaswa kufundishwa kwanza, kwa Kiswahili, kwa habari za mahali mwanafunzi anapopajua.

Upo mfano unaowagusa watu wa Mbulu moja kwa moja. Wapo wengi, wakiwemo waliosoma, wanaoamini kwamba Wairaqw, ambao vitabu vingi huwaita Wambulu, walitoka Iraki. Mwaka 1998 mwanaanthropolojia wa Norway, Ole Bjørn Rekdal, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wairaqw, alichapisha makala katika jarida la Ethnology akifuatilia madai hayo. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba dhana iliyoanza kama kisio iligeuka kuwa hadithi ya asili inayosimuliwa kama jambo lililothibitika. Ushahidi wa lugha unaelekeza kwingine kabisa. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, ndugu wa karibu wa Kigorwa cha Babati na Kiburunge cha mkoa wa Dodoma, na ndugu wa mbali wa Kioromo na Kisomali. Kiarabu kinachosemwa Iraki ni Kisemiti. Ni kweli kwamba Kikushi na Kisemiti ni matawi ya familia moja kubwa ya lugha, lakini undugu huo ni wa maelfu ya miaka na hautoshi kumtoa mtu Baghdad na kumfikisha Kainam, Mbulu. Linalobaki ni kufanana kwa majina, na kufanana kwa majina peke yake hakuthibitishi asili ya mtu yeyote.

Rekdal hakuishia hapo. Mwaka 2014 alichapisha katika jarida la Social Studies of Science makala kuhusu uvumi unaozaliwa na kukua ndani ya vyuo vikuu vyenyewe. Mfano wake mkuu ni spinachi. Wengi wamesoma kwamba mboga hiyo ilipata sifa ya kujaa madini ya chuma kwa sababu mwanasayansi mmoja alikosea kuweka nukta ya desimali. Kisa hicho hutolewa ili kuwaonya watu dhidi ya uzembe wa takwimu, kumbe chenyewe hakina ushahidi: kimenukuliwa makala hadi makala bila wanukuzi kurudi kwenye chanzo. Tujiulize makosa ya namna hii yangenaswa na somo gani katika mfumo wetu wa sasa. Sentensi inayosema Wairaqw walitoka Iraki inaweza kuandikwa kwa Kiingereza kisicho na dosari, ikawekewa jina la mwandishi na mwaka ndani ya mabano, ikapita kwenye programu ya kukagua wizi wa maandishi bila kugunduliwa lolote, na mwanafunzi akapewa alama nzuri. Makosa yake hayako katika sarufi. Yako katika swali ambalo hakuna aliyemfundisha kuliuliza: huyu aliyeandika hivi, alijuaje?

Nchi yetu imejaribu kwa muda mrefu kutibu udhaifu wa uandishi kwa dozi ya Kiingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha stadi za mawasiliano tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya kuonekana kwamba wanafunzi wanaoingia chuoni hawamudu kusoma na kuandika kwa lugha ya kufundishia. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima hali ya Kiingereza katika elimu yetu wakakuta kwamba, kati ya wanachuo waliopimwa, hawafiki asilimia 20 walioweza kusoma kwa wepesi hata vitabu rahisi vya masomo yao. Walichopendekeza ni Kiingereza zaidi, na miaka michache baadaye ukaja mradi mkubwa wa kukiimarisha katika sekondari. Wasomi wetu nao waliliona tatizo na kuliandikia. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro walitoa kitabu kizima juu ya mgogoro huu wa lugha mwaka 1997, na mradi wa utafiti wa LOITASA ulioanza mwaka 2002 ulionyesha kwamba wanafunzi hushiriki na kueleza wanachokijua vizuri zaidi wanapotumia Kiswahili. Baada ya miongo minne malalamiko ya wahadhiri hayajabadilika: wanafunzi wananakili. Nadhani wananakili kwa sababu inayoeleweka. Anayedaiwa hoja katika lugha asiyoimudu, kabla hajajua hoja hujengwaje, njia iliyo wazi mbele yake ni kuazima sentensi za mwingine.

Kuna atakayesema kwamba kufuatilia vyanzo ni anasa ya wasomi, na kwamba mkulima wa ngano au mfugaji wa Hanang hana haja nayo. Historia ya Hanang inakanusha hilo. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika la serikali la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, na wafugaji Wabarabaig, ambao ni Wadatooga, wakapoteza malisho waliyoyategemea. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ilikipa ushindi, lakini katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani iliutengua, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule. Watu waliokuwa na malisho na makaburi ya wazee wao katika ardhi hiyo walishindwa kwenye suala la uthibitisho. Mtu anaweza kuipinga hukumu hiyo, nami naona ilikuwa na uzito mbaya kwa wafugaji, lakini somo lake ni zito: haki isiyo na ushahidi uliopangwa vizuri hubaki mashakani. Vivyo hivyo Desemba 3, 2023, matope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya jirani, kulienea maneno kwamba mlima umelipuka kama volkano. Wataalamu wa jiolojia walieleza kuwa hapakuwa na mlipuko. Sehemu ya mlima iliyolowa maji ilimeguka na kuporomoka. Wilaya yenye wasomi waliozoea kudai chanzo cha habari hupambana na taharuki kama ile ikiwa na silaha bora.

Kwa hiyo napendekeza somo la mwaka wa kwanza ligawanywe. Nusu ya kwanza ifundishwe kwa Kiswahili, na kazi yake kuu iwe moja: mwanafunzi achague dai moja kuhusu kwao, alifuate nyuma hadi linapoanzia, kisha aandike ukurasa mmoja kueleza alichokikuta. Wa Hanang anaweza kuanza na urefu wa mlima wao, ambao vitabu vingine huuandika mita 3,417 na vingine 3,420, akatafuta kila tarakimu ilitoka wapi. Wa Mbulu anaweza kuchukua kisa cha Iraki. Mwingine anaweza kuuliza ni nani aliyesema kwanza kwamba Wahadza wa Yaeda Chini ni mabaki ya binadamu wa kale, na kwa ushahidi gani. Katika kazi kama hizo mwanafunzi atajifunza tofauti kati ya aliyeona na aliyesikia, kati ya dhana na matokeo, kati ya kunukuu maneno ya mtu na kunukuu wazo lake. Marejeleo yataacha kuwa pambo la ukurasa wa mwisho na yatakuwa njia anayomwachia msomaji ili naye akaangalie mwenyewe. Akishaielewa kazi hiyo katika lugha anayoimudu, ataihamishia kwenye Kiingereza kwa juhudi ndogo zaidi, kwa kuwa atakuwa anatafuta maneno ya jambo alilokwisha kulifikiri.

Hapo ndipo lugha za kigeni zinapopata nafasi yake ya haki. Napinga kupunguza ufundishaji wake. Ninachotaka ni zifundishwe kwa shabaha. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za mwanzo zilizoandikwa juu ya Mbulu na Hanang iko katika Kijerumani. Oscar Baumann alipita maeneo haya mwaka 1892 na kitabu cha safari yake kilitoka mwaka 1894. Mwanajiografia Fritz Jaeger naye aliandika juu ya nyanda za juu za mashimo ya volkano, vitabu vyake vikitoka mwaka 1911 na 1913. Anayevitafuta ajue pia kwamba maandishi ya zamani huwataja Wadatooga kwa majina kama Wataturu au Mangati. Nani kati ya wahitimu wetu wa historia anaweza kusoma ukurasa mmoja wa vitabu hivyo bila kumtegemea mfasiri? Darasa la miezi michache la kusoma tu Kijerumani, bila kudai mwanafunzi akiongee, lingewafungulia vijana wa Manyara kumbukumbu za babu zao. Zipo pia lugha za vyanzo ambazo si za kigeni hata kidogo. Katika wilaya hizi mbili na kandokando yake hukutana lugha za Kikushi, Kiniloti na Kibantu, pamoja na Kihadza ambacho hakijathibitika kuwa na ndugu popote. Kijana anayesema Kidatooga anaweza kumhoji mzee wa Kibarabaig bila mkalimani, jambo ambalo mtafiti wa nje hulihangaikia miaka. Chuo kinachomwona kijana huyo kama mtu mwenye Kiingereza kibovu tu kinatupa hazina.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba elimu ya dunia iko katika Kiingereza, majarida makubwa huchapishwa kwa Kiingereza, na kumzoeza mwanafunzi kuandika kwa Kiswahili ni kumfungia mlango. Ukweli wa sehemu ya kwanza siupingi. Wazazi wanaodai Kiingereza kizuri wana haki, na nusu ya pili ya somo ninalolipendekeza ni ya Kiingereza, tena cha kuandika hoja. Lakini mlango huo haufunguliwi na sarufi peke yake. Mhariri wa jarida lolote makini huuliza ushahidi uko wapi kabla ya kuhangaika na vitenzi, maana lugha anaweza kuirekebisha yeye, ila ushahidi usiokuwepo hawezi kumtungia mwandishi. Wengine husema Kiswahili hakina istilahi za kazi hii. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1970, na kwa miaka zaidi ya 50 chuo hicho kimefundisha nadharia, kusimamia tasnifu na kuchapisha majarida kwa lugha hii. Dhana, hoja, ithibati, marejeleo, sampuli na matokeo ni maneno yanayotumika kila siku. Upungufu uliopo uko katika fizikia na tiba zaidi ya ulivyo katika kazi ya kufuatilia chanzo.

Wahadhiri watauliza kazi hii itafanyikaje katika darasa la wanafunzi mia kadhaa. Hofu yao ni ya haki, na ndiyo maana napendekeza ukurasa mmoja na dai moja, kwa vikundi vidogo. Kusahihisha ukurasa ambao hoja yake inaonekana ni kazi nyepesi kuliko kupigia mistari makosa ya sarufi katika kurasa kumi zilizonakiliwa. Na kwa anayesema akili mnemba imeshaondoa haja ya kumfundisha mtu kuandika, mimi naona imeizidisha. Programu hizo hutunga Kiingereza safi ndani ya sekunde chache, na zimejulikana kutaja vitabu na makala ambazo hazipo. Zimeishusha thamani ya ufasaha mtupu na kuipandisha thamani ya mtu anayeweza kukagua. Mwanafunzi tuliyempa ufasaha bila ukaguzi hatakuwa na namna ya kujua amedanganywa lini.

Mabadiliko haya hayahitaji kusubiri uamuzi wa taifa kuhusu lugha ya kufundishia, mjadala ambao umezaa sera na matoleo ya sera bila kufika mwisho. Kila chuo kina mamlaka juu ya maudhui ya somo lake la mwaka wa kwanza, na Tume ya Vyuo Vikuu inaweza kuliingiza suala hili katika vigezo inavyovisimamia. Naviomba vyuo vinavyopokea vijana wa Manyara vianze na kundi moja katika mwaka wa masomo ujao: nusu muhula wa kufuatilia vyanzo kwa Kiswahili, nusu ya kuandika kwa Kiingereza, na darasa la hiari la kusoma Kijerumani kwa wanafunzi wa historia na jiografia. Kazi zao zilinganishwe na za wenzao waliofundishwa kwa utaratibu wa zamani, na matokeo yatangazwe hadharani. Ikiwa nimekosea, ushahidi huo utaonyesha, na nitakuwa tayari kuukubali kwa kanuni ileile ninayotaka wanafunzi wafundishwe.