Tunakili diski za arusi mapema

Juzi niliweka kwenye kompyuta diski ya arusi ya shangazi yangu, iliyorekodiwa hapa Lubumbashi mwaka 2008. Bibi alianza kuwausia maarusi, picha ikaganda, sauti haikurudi.

Diski hizi si kama zile za kiwandani. Data zake zimeandikwa kwenye tabaka la rangi, nalo huharibiwa na joto na mwanga. Sisi tunaziweka juu ya televisheni, chini ya mabati!

Vocabulaire ya André Yav ya mwaka 1965 tunaisoma leo kwa sababu nakala yake ilihifadhiwa, na Johannes Fabian akaichapisha mwaka 1990. Lakini hayo ni maandishi. Kwenye diski za arusi na vilio wazee wanasema "batu banakuya" bila kuhojiwa, watoto wanawajibu, mwongoza sherehe anarukia Kifaransa na kurudi. Mwanafunzi akiingia na kinasa sauti, wote wanageukia Kiswahili bora.

Likizo hii kila mmoja anakili diski za kwao. Chukueni folda nzima ya VIDEO_TS jinsi ilivyo. Kuibana filamu itoshe kwenye simu hufifisha sauti kama s na f, ambazo kesho tutazichambua. Nakala ziwe mbili, katika nyumba mbili. Wenye filamu waombwe ruhusa kabla haijafika darasani, maana kwenye kilio watu husema mengi ya ndani.

Nanyi walimu, ihesabuni kazi hii kama utafiti. Fundi amejaribu diski ya bibi. Amepata dakika nne.