Maziwa mgando hayawezi kuchukua nafasi ya mswaki Karagwe na Kyerwa

KWA wakazi wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, maziwa si kitu kigeni. Msafiri Mwingereza, John Hanning Speke, alipopokewa na Omukama Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, aliandika habari za wanawake wa jamaa ya mfalme walionenepeshwa kwa kunyweshwa maziwa mfululizo.

Leo maziwa hayo, hasa yaliyoganda, yanatazamwa kwa jicho jingine. Sayansi ya probayotiki, yaani bakteria hai ambao wakitumiwa kwa kiasi cha kutosha humnufaisha mtumiaji kiafya, imeanza kuhusishwa na kinga ya magonjwa ya fizi.

Swali ni je, mwananchi wa Kayanga au Nkwenda anaweza kutegemea maziwa mgando ya nyumbani kuyanusuru meno yake?

Suala hili si dogo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa, na kwamba ugonjwa mkali wa fizi unawasumbua takriban bilioni moja.

Ugonjwa huo huanza na ukoga, utando wa bakteria unaoganda juu ya meno. Usiposafishwa, hugeuka ugaga mgumu ambao mswaki hauwezi kuuondoa. Fizi huvimba na kuvuja damu, na hatimaye mfupa unaolishika jino huliwa.

Kwa kuwa mwanzoni hauumi, wengi huenda kutibiwa jino likiwa limekwisha kulegea. Hapo tiba inayobaki ni kung'oa. Na kutoka Kayanga hadi Bukoba, iliko hospitali ya rufaa ya mkoa, ni zaidi ya kilomita 100.

Katika mazingira hayo, habari ya kinga inayopatikana katika kibuyu cha maziwa inavutia. Lakini ushahidi wake ni wa kupimwa kwa uangalifu.

Nchini Sweden, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwahusisha wagonjwa 59 wenye uvimbe wa fizi. Waliopewa bablishi zenye bakteria aina ya Lactobacillus reuteri walipata nafuu. Hata hivyo, wagonjwa hao pia walifundishwa namna bora ya kupiga mswaki.

Nchini Finland, utafiti wa mwaka 2001 ulihusu watoto 594 wa vituo vya kulelea watoto mjini Helsinki. Waliokunywa maziwa yenye Lactobacillus rhamnosus GG kwa miezi saba walionekana kupungukiwa na kuoza kwa meno, hasa wa umri wa miaka mitatu na minne. Huo ulikuwa ushahidi juu ya kuoza kwa meno, si juu ya fizi.

Kinyume chake, mwongozo wa Shirikisho la Ulaya la Tiba ya Fizi wa mwaka 2020 ulishauri probayotiki zisitumike kama nyongeza katika kutibu ugonjwa wa fizi uliokwisha kufika kwenye mfupa.

Aidha, tafiti hizo zilipima bakteria wanaojulikana kwa jina na kwa kiasi. Maziwa yanayoganda yenyewe katika kibuyu hubeba bakteria wanaotofautiana kutoka nyumba moja hadi nyingine, na hakuna anayeweza kuahidi kuwa ni wale waliopimwa Ulaya.

Ipo pia hatari nyingine. Maziwa yasiyochemshwa, hata yakiganda, yanaweza kuambukiza ugonjwa wa brusela, ule unaowafanya ng'ombe watupe mimba. Yakichemshwa huwa salama, lakini bakteria rafiki nao hufa.

Njia ya kutoka katika mtego huo inafahamika katika ukanda huu. Mwaka 2004, jijini Mwanza, akina mama wakishirikiana na watafiti wa Kanada walianza kutengeneza mtindi kwa kuchemsha maziwa, kuyapoza, kisha kutia kimea chenye Lactobacillus rhamnosus GR-1.

Nchini Uganda, mradi wa Yoba nao umesambaza kimea chenye bakteria wa jamii ile iliyotumika Helsinki. Lakini miradi hiyo ililenga zaidi lishe, tumbo na kipato cha wazalishaji, wala haikuanzishwa kutibu fizi.

Mtindi wa namna hiyo ni chakula bora na unastahili kuenezwa Karagwe na Kyerwa, ilimradi usijazwe sukari, ambayo huozesha meno. Hatari ni kuutangaza kama dawa ya fizi, mtu akaacha yale yaliyothibitishwa.

Yaliyothibitishwa ni kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye madini ya floraidi, kuacha tumbaku, na kwenda kuondolewa ugaga mapema fizi zinapoanza kuvuja damu. Wenye kisukari wanahitaji uangalizi zaidi, kwani fizi zao hushambuliwa kwa urahisi.

Kwa halmashauri hizi mbili, hilo lina maana moja: fedha chache za afya ya kinywa zitangulie shuleni, kliniki za kisukari na kwenye vifaa vya kusafishia meno, kabla ya kufuata bidhaa mpya. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.