Nyumba za Kariakoo Zisifutike

Nyumba hufa kwa njia mbili: kwa kuachwa au kwa kutamaniwa. Huko Japani, hesabu ya serikali ya mwaka 2023 ilionyesha kuwa nyumba zipatazo milioni 9 zilikuwa tupu. Miongoni mwake zimo nyumba za jadi za vijijini, ambazo wazee wake wamefariki na vijana wamehamia mijini. Hapa Kariakoo mambo ni kinyume chake. Nyumba ya Kiswahili haifi kwa kukosa watu. Inakufa kwa sababu kiwanja chake kinatakiwa na wengi mno.

Wakazi wa zamani wanaijua vyema nyumba hiyo. Mbele ina baraza. Mlango wa katikati unaingia ukumbini, vyumba vimepangana huku na huku, na nyuma uko ua wa kupikia na kufulia. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Hivyo mjane alipata riziki yake, na mgeni kutoka bara alipata mahali pa kuanzia maisha. Uani watu wa makabila mbalimbali walizoea kuishi pamoja kwa lugha moja. Si ajabu basi kwamba TANU ilizaliwa Julai 7, 1954 katika eneo hili, kwenye mtaa ambao leo unaitwa Lumumba.

Hatuwalaumu wenye nyumba wanaoingia ubia na matajiri ili wajengewe maghorofa. Biashara imekua, na mtu hawezi kuombwa alinde historia ya taifa huku watoto wake wakilala na njaa. Lakini pupa ina gharama zake. Machi 29, 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 jingine liliporomoka hapa hapa Kariakoo, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Mji unaobomoa bila kufikiri hujenga bila kufikiri vilevile.

Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964. Hata hivyo, jicho letu limezoea kuona historia katika maboma na majumba ya watawala, si katika nyumba ya mchuuzi. Tena sheria peke yake haitoshi. Zanzibar ina mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe tangu mwaka 1985, lakini sehemu ya Beit al Ajaib ilianguka Desemba 25, 2020. Jengo hulindwa kwa matengenezo, na matengenezo ni fedha.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, nyumba zote za Kiswahili zilizosalia Kariakoo zipimwe, zichorwe na kuandikwa kabla hazijabomolewa. Pili, chache zilizo bora zichaguliwe, na wenye nyumba hizo wapewe nafuu ya kodi na msaada wa ukarabati. Tatu, wanaochora maghorofa mapya wakumbuke baraza na ua, maana humo ndimo ujirani ulimolelewa.

Wajapani wana nyumba wakitafuta watu. Sisi tuna watu tele. Tusije tukawaeleza wajukuu wetu kwa maneno matupu jinsi babu zao walivyoishi.