Tuyapime mahandaki ya Taita Taveta kabla trekta halijayafuta

Kila mradi mpya unapotajwa kati ya Mwatate na Taveta, maswali huwa yale yale: nani atalipwa fidia, vijana wa wapi watapata kazi, na ardhi hiyo alipewa nani. Ni maswali ya haki. Lakini kuna moja ambalo halisikiki barazani: chini ya udongo huo kuna nini?

Ardhi hiyo ilikuwa uwanja wa vita. Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani waliuteka mji wa Taveta. Mwaka 1915 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Voi kuelekea Maktau na baadaye Mbuyuni. Pande zote mbili zilichimba mahandaki, zikainua kuta za udongo na mawe, na kufyeka vichaka ili adui aonekane kutoka mbali. Salaita, Mbuyuni, Maktau na Mwashoti kwetu ni majina ya vilima na vijiji. Katika historia ya Vita vya Kwanza vya Dunia ni majina ya kambi na ngome.

Baadhi ya kazi hizo zinaonekana hadi leo. Nyingine zimefukiwa na mvua, mifugo na majembe kwa zaidi ya miaka 100, hata mtu anaweza kusimama juu ya handaki asijue. Hapa ndipo picha za zamani za angani zinapotufaa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, ndege za jeshi la Uingereza zilipiga picha sehemu kubwa za Kenya kwa ajili ya kuchora ramani. Wakati huo mahandaki yalikuwa na umri wa miaka 30 na kitu tu, na trekta zilikuwa chache. Picha za namna hii zimehifadhiwa katika Idara ya Upimaji Ardhi kule Ruaraka, Nairobi, na nyingine ziko Edinburgh, Scotland.

Kuzisoma ni ufundi unaofundishika. Mtaro wa maji hufuata mteremko. Handaki la vita hukata kona kona, ili bomu likianguka ndani mlipuko usiwafagie askari wote, na adui akiingia upande mmoja asiweze kupiga risasi hadi upande wa pili. Picha iliyopigwa jua likiwa chini, asubuhi au alasiri, huonyesha kivuli cha tuta dogo ambalo mguu hauwezi kulihisi. Handaki lililojaa udongo hushika unyevu, kwa hivyo nyasi zake hukawia kukauka na huonekana kama mstari mweusi. Picha mbili za mahali pamoja, zilizopigwa ndege ikisonga, zikitazamwa kwa kifaa chenye lenzi mbili, vilima na mashimo hujitokeza. Kisha mtu hulinganisha na ramani ya leo kwa kutumia alama zisizohama, kama kilele cha kilima au njia ya reli, halafu huenda kwa miguu kuhakikisha.

Hatua hiyo ya mwisho isirukwe. Tarehe 12 Februari 1916, Waingereza walipoishambulia Salaita, mizinga yao ilipiga kileleni, ilhali mahandaki makuu ya Wajerumani yalikuwa chini ya kilima, yamefichwa na vichaka. Wanajeshi wa Afrika Kusini waliosonga mbele walirudishwa nyuma. Jicho la mbali hudanganyika. Njia za ng'ombe, zizi la kale au mfereji wa umwagiliaji wa Taveta vinaweza kumpoteza msomaji wa picha aliyeketi Nairobi. Mzee wa Kitaita au Kitaveta anayejua zizi la babu yake lilikuwa wapi ni mtaalamu katika kazi hii, na alipwe kama mtaalamu.

Najua jibu litakalotolewa: hivyo vilikuwa vita vya wakoloni wenyewe kwa wenyewe, na watu wanataka hati miliki na maji, si mashimo ya Wazungu. Hoja hiyo ina uzito, lakini ina majibu mawili.

Kwanza, waliobeba mizigo, kufyeka na kuchimba walikuwa Waafrika. Wapagazi wa Kariakoo walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, na wengi wao hawana kaburi lenye jina. Askari wa Kizungu wana makaburi yao Voi na Taveta, yametunzwa, na majina yamechongwa. Kwa wapagazi, mistari hii ya udongo ni miongoni mwa alama chache zinazoonyesha kwamba walikuwepo.

Pili, picha inayoonyesha handaki huonyesha pia mashamba, maboma na njia za wakati huo. Hapa Pwani, ambako wakazi wengi huitwa maskwota kwenye ardhi ya babu zao, huo ni ushahidi. Haiandiki jina la mwenye boma, lakini itamsumbua anayedai kwamba palikuwa pori tupu.

Ndiyo maana nasema kaunti ya Taita Taveta iombe nakala za picha hizi na kuziweka wazi Wundanyi, Voi na Taveta, wakazi wazitazame bila kusafiri hadi Nairobi. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yana sheria ya mwaka 2006 ya kulinda turathi. Yaandae ramani ya mahandaki, na kila ripoti ya athari za mazingira ilinganishwe nayo kabla kibali hakijatolewa. Mahali ambapo bado hapana ulinzi pasitangazwe ovyo, maana uvumi wa mali iliyofichwa na Wajerumani umeshawapa wengi sababu ya kuchimba usiku. Na yeyote atakayekuta risasi au bomu la zamani asiliguse. Apige ripoti kwa polisi.

Gharama ya kutafuta nakala hizo ni ndogo ukilinganisha na ya kilomita moja ya lami. Wawakilishi wa wadi waulizwe kuhusu jambo hili bajeti ijayo itakapoletwa kwa wananchi kujadiliwa.